Mama mtoto anaposwa Malindi, mwanangu wa miaka 6 kisheria akae na nani?

#1 Mvuvi wa Wiyoni
Salaam zenu. Nitaandika kirefu, nisameheni. Mie niko Amu (Lamu), tuliachana na mama mtoto mwaka juzi, talaka imepita kwa kadhi na karatasi ninayo. Tuna kijana mmoja, ametimiza sita mwezi wa Rajabu. Tulielewana kwa mdomo tu, mbele ya ami yangu na mjomba wake, kwamba mtoto akae na mamake na mie nimpate kila mwisho wa wiki. Alipokuwa hapa hapa Amu hio haikuwa na shida, namchukua Ijumaa baada ya sala namrudisha Jumapili magharibi, wala hatukuandikiana popote. Sasa mamake amehamia Malindi kwa dadake, yuafanya kazi duka la simu, na juzi nimesikia anaposwa. Wazee wa barazani wanambia akiolewa tu mwana ni wako, kamtwae. Loya niliyempigia asema sivyo kabisa, nianze koti ya watoto. Jirani naye asema koti ya watoto ni ya wanawake, niende kwa kadhi nitashinda mapema. Waliopitia haya naomba mnisaidie, nianze wapi? Na je, naweza kupanda basi nikamchukue kwanza, kesi ije baadaye?

#2 Pwani Mkweli
Nijibu la mwisho kwanza manake ndilo lenye moto. USIPANDE BASI. Ukimbeba mtoto shuleni au mlangoni kwa mamake mdogo na huna oda yoyote mkononi, mamake mchana huo yuko kwa afisa wa watoto, kesho yake yuko kotini na ombi la dharura, na wewe kabla hujafika Witu ushaitwa baba aliyeiba mtoto. Hata usipofungwa, hakimu atalikumbuka hilo mpaka siku ya hukumu. Nshaona mtu alikuwa na kesi nzuri tu akaivunja kwa hasira ya siku moja.

#3 Halati wa Mkomani
Pole mwanangu. Swali dogo tu: nafaka, pesa za matumizi ya mtoto, walipa?

#4 Ustadh Barani
Hao wazee wa barazani wamekushikisha nusu ya mas'ala, tena nusu ile wanayoipenda wao. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, hadhana (haki ya kumlea) ya mtoto mdogo ni ya mama mpaka mtoto afike umri wa kupambanua, wengi huuweka miaka saba hivi, kisha mtoto mwenyewe hupewa hiari achague baba au mama. Kweli mama akiolewa na mwanamume baki hadhana humtoka, na hadithi ipo, Mtume (SAW) alimwambia mwanamke wewe una haki zaidi naye maadam hujaolewa. Lakini kumtoka mama si kuingia kwako! Baada ya mama anakuja mama yake mama, nyanyake mtoto, ndio kisha baba. Kwa hivyo kabla hujafunga mkoba, huyo mamamkwe wako wa zamani yuhai? Yuko wapi? Na kama huyo anayemposa ni ndugu yako wa damu, ami yake mtoto, hata hadhana yenyewe haimtoki mama.

#5 Gede Boy
Akiposwa na nduguye si ndio uzi utafika kurasa hamsini 😂

#6 Karani Mstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, si wakili, lakini nimebeba mafaili. Ustadh kasema ya fikihi, mie niseme ya milango.

Katiba ya 2010 Ibara ya 170 inampa kadhi mambo manne: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena wote wawili wawe Waislamu NA wakubali kuhukumiwa kwake. Neno ulezi wa mtoto humo halimo. Ndipo majaji wakagawanyika. Wako waliosema ulezi ni tawi la talaka, kadhi aliyevunja ndoa anaweza kusema mtoto alale wapi. Wako waliosema hapana, mtoto ana mahakama yake, na mahakama yake ni ya watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 (ile ya 2001 imefutwa, acheni kuinukuu). Kwa hivyo anayekwambia kwa kadhi utashinda mapema anakuuzia samaki angali baharini. Mama mtoto akisimama akasema mie sikubali mahakama hii, umerudi mwanzo na nauli imekwenda.

Na hata huko kwa kadhi Ibara ya 53 inamfunga yeye pia. Pale imeandikwa baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au la, na maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo. Sio ya baba, sio ya mama, sio ya baraza.

#7 Mvuvi wa Wiyoni
Shukran sana Ustadh na mzee Karani. Nyanyake yuhai, yuko Matondoni, ni mtu mzima ana sukari lakini yuaenda. Hilo la yeye kunitangulia mie sikuwahi kuambiwa na mtu. Mzee Karani, koti ya watoto ni ipi sasa, ya hapa Amu au ya Malindi?

#8 Halati wa Mkomani
Swali langu la #3 limepitwa kama meli ya mizigo.

#9 Karani Mstaafu
Jengo la mahakama ni lile lile ndugu yangu, hakimu aliyeteuliwa kusikiza mambo ya watoto ndiye anayekaa kama mahakama ya watoto. Amu iko, Malindi iko. Kwa kawaida mnaelekezwa kule mtoto anakoishi, manake afisa wa watoto wa kule ndiye atakayekwenda kuona nyumba, shule, nani anampikia, analala na nani chumbani, na ripoti yake ina uzito. Siku hizi faili zinafunguliwa mtandaoni na vikao vingine ni vya video, kwa hivyo sio kila tarehe utapanda basi.

#10 Kapteni Shela
Mimi ni ushahidi wa #6. Kadhi alinipa wanangu wawili, hukumu safi, ina muhuri, nikaila pilau. Mwaka na nusu baadaye mama yao akafungua upya mahakama ya watoto, akasema siku ile kwa kadhi aliitwa akaja lakini hakuelewa kuwa anaweza kukataa. Nikaambiwa nijibu. Wakili wangu akasema ile hukumu ya kwanza itatulinda, wakili wake akasema haikuwa na nguvu tangu mwanzo, na hakimu wala hakutaka kusikia ubishi wao mwingi, akauliza watoto wanasoma wapi na nani anawapeleka zahanati wakiugua. Mwisho tukagawana, wiki za shule kwake, likizo kwangu. Sijui nani alikuwa sahihi kisheria. Pesa nilizotoa zingenunua mashine mpya ya boti.

#11 Gede Boy
Mashine ya farasi ngapi Kapteni tujue ukubwa wa msiba

#12 Kapteni Shela
Arobaini. Usinikumbushe.

#13 Mama Wawili Muyeye
Mie naomba niingilie kidogo na langu. Hatukuoana. Yeye yuko Malindi hapa hapa, watoto wawili, mkubwa tisa mdogo minne. Miaka yote hakuuliza hata saizi ya kiatu, sasa amepata kazi ya hoteli Watamu anataka "haki zake". Mamangu asema mtoto wa nje hana baba kisheria, asinisumbue. Ni kweli?

#14 Mtu wa Ganda
Ni kweli. Baba asiyeoa lazima athibitishe aliishi na mama miezi 12 ndio apate jukumu. Kama hamkukaa pamoja mwaka mzima hana lake. Nilisoma mwenyewe kwenye sheria.

#15 Karani Mstaafu
#14 ulisoma sheria iliyokufa kaka. Hio miezi 12 ilikuwa katika Sheria ya 2001, mama peke yake ndiye alikuwa na jukumu na baba akilipata kwa kukaa nao miezi 12, au kumkiri mtoto, au kumlea. Katiba ya 2010 ikasema jukumu ni sawa wameoana hawakuoana, na Sheria ya 2022 ikafuata njia hio hio. Jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa pia lilikuwa na kizuizi kwa wasiooana, Mahakama Kuu ikakivunja mwaka 2016.

Kwa hivyo Mama Wawili, ni baba kisheria, lakini kuwa baba sio kupewa watoto. Jukumu lina kamba mbili: akitaka kuwaona, alipe pia. Na wewe huwezi kusema hakulipa basi asiwaone, koti nyingi hawalipendi hilo, wanasema kumuona baba ni haki ya mtoto, si zawadi ya mama. Akibisha kuwa si wake kuna DNA, hakimu anaweza kuamuru.

#16 Mama Wawili Muyeye
Hawezi kubisha. Mdogo hata kukohoa amemfuata yeye.

Kwa hivyo nimngoje aende kotini ama nitangulie?

#17 Pwani Mkweli
Tangulia. Anza kwa afisa wa watoto, ni bure, atawaita wote wawili mkae chini. Mkikubaliana mnaandika mkataba wa malezi, nani akae nao, siku gani anawachukua, shilingi ngapi kwa mwezi, nani fizi za shule nani daktari. Ukiwasilishwa mahakamani ukapitishwa unakuwa na nguvu ya oda. Mkishindwa hapo ndipo unafungua kesi. Huna loya, FIDA (chama cha mawakili wanawake) wana ofisi Mombasa na huwa wanawafunza wanawake kujiwakilisha wenyewe, wengine wamesimama mbele ya hakimu bila wakili wakashinda.

#18 Gede Boy
Ona sasa, FIDA. Wanaume tunakwenda wapi? Ndio maana jirani ya Mvuvi akasema koti ni ya wanawake.

#19 Halati wa Mkomani
Mnakwenda barazani kunywa kahawa. Koti si ya wanawake, ni ya wanaofika. Nilimsindikiza binti wa dadangu tarehe zote nne za kesi, baba mtoto alikuja moja, na hio moja alikuja saa tano na kesi ilisomwa saa tatu.

#20 Mtu wa Ganda
Mie hilo sikubali Halati. Kaka yangu alifika kila tarehe, ana nyumba ya mawe ana kazi, mtoto wa miaka mitatu akapewa mama anayeishi chumba kimoja. Koti wana msimamo, mtoto mdogo ni wa mama, wamemaliza.

#21 Pwani Mkweli
Hapo umesema kweli nusu. Majaji kwa miaka mingi wamekuwa na kanuni kwamba mtoto wa umri mchanga, sheria ya 2001 ilimtaja kuwa chini ya miaka 10, akae na mama ila kuwe na sababu kubwa sana ya kumtoa. Ila tangu katiba ya 2010 wako wanaosema hio si sheria tena, ni mazoea tu, jukumu ni sawa na kila mtoto aangaliwe peke yake. Na chumba kimoja sio sababu. Umaskini wa mama unatibiwa kwa baba kutoa nafaka, hautibiwi kwa kumnyang'anya mtoto.

#22 Ustadh Barani
Na hizo sababu kubwa, katika hukumu za Mahakama ya Rufaa zimetajwa, mojawapo ni MAMA KUPATA MUME MPYA. Wanasheria wenu hawa wanaosema dini imepitwa na wakati, wenyewe wameandika lile lile lililokuwa kwenye hadithi. Mvuvi usikate tamaa.

#23 Karani Mstaafu
Ustadh, imetajwa, sikatai, pamoja na mama kuwa hana makao ya kueleweka na nyumba kuwa mbovu. Lakini kutajwa kuwa mfano si kuwa kisu. Nimeona mama ameolewa na mtoto akabaki kwake kwa sababu baba wa kambo alimpeleka mtoto kliniki na baba wa damu alikuwa picha kwenye simu. Nimeona pia mtoto ametolewa kwa mama kwa sababu huyo mume mpya ni mlevi. Wanaangalia nyumba ile, sio neno "ameolewa".

#24 Ustadh Barani
Basi na wewe kubali kuwa kuolewa ni hoja.

#25 Karani Mstaafu
Ni hoja. Sio jibu.

#26 Mwalimu wa Chaki
Mie nifundisha darasa la pili, kisiwa sitakitaja. Kuhusu mtoto kuchagua, ambalo Ustadh kaligusa #4. Mahakama nayo husikiza anachotaka mtoto kulingana na umri wake, sio lazima akifuate. Hakimu wengi humwita ofisini kwao, wanamtoa mama wanamtoa baba, wanaongea naye taratibu.

Sasa sikilizeni. Mwanafunzi wangu mmoja, miaka saba, siku moja kabla ya kwenda huko alikuja mezani kwangu wakati wa mapumziko, akasimama wima mikono nyuma kama anaimba shairi la sikukuu, akasema "mwalimu, mie naomba kastadi iende kwa baba kwa maslahi yangu bora." Nikamuuliza kastadi ni nini. Akafikiri. Akasema "ni ile baiskeli."

Jamani msiwakaririshe. Hakimu si mjinga, na mtoto yule alirudi kutoka mjini hakuongea na mtu siku tatu.

#27 Gede Boy
Hii nimecheka halafu nikaacha kucheka

#28 Kapteni Shela
Wangu mkubwa alinambia "baba usiniulize tena nampenda nani zaidi, kichwa chauma". Nikaacha kuuliza.

#29 Casuarina 01
Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi Malindi, baba mtoto ni Mwitaliano, hatukufunga ndoa, jina lake liko kwenye cheti. Mtoto ana minane. Anataka kumpeleka kwao likizo ya Agosti "mwezi mmoja tu". Nikiweka sahihi ya pasipoti, akikataa kumrudisha nafanyaje?

#30 Msafiri wa Kilifi
Usiweke.

#31 Karani Mstaafu
Tusimhukumu mtu hajakosa, kuna wanaowapeleka na kuwarudisha kila mwaka. Lakini swali lako ni la akili. Pasipoti ya mtoto Kenya inataka ridhaa ya wazazi na vitambulisho vyao, kwa hivyo ukiwa unasita usitie sahihi chochote kwa haraka ya tiketi. Nchi nyingi zina mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudishiana watoto waliochukuliwa au kuzuiwa na mzazi mmoja. Italia imo, Kenya haimo. Maana yake akibaki naye kule, wewe utaanza kupigana kwenye mahakama za kule, kwa lugha ya kule. Kama unaogopa kweli, nenda mahakama ya watoto kabla ya safari, uombe oda ya ulezi na masharti ya safari, tarehe ya kwenda na ya kurudi, tiketi ya kurudi ionekane, pasipoti ikirudi ikae wapi. Na usisahau, mtoto anaweza kupata pasipoti ya kwao kupitia baba, hio ubalozi wao ndio wanajua taratibu zao. Muulize wakili anayefanya kesi hizi, Malindi wapo.

#32 Casuarina 01
Shukran. Ya kwao tayari anaomba, ndilo lililonitoa usingizi.

#33 Mtu wa Ganda
Na ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2025 ya watoto wa nje ya ndoa haimsaidii?

#34 Karani Mstaafu
Ile ni mirathi kaka, mtoto wa nje kumrithi baba Muislamu. Hakuna aliyekufa hapa.

#35 Ustadh Barani
Na hio hukumu tusiifungue hapa tafadhali, nina presha.

#36 Mvuvi wa Wiyoni
Nimerudi. Samahani nilikuwa baharini siku mbili. Nimesoma yote. Halati, nimeona kila mahali unaniuliza. Nitajibu.

Nilikuwa natoa elfu nne kila mwezi, kwa mkono, hakuna risiti, namtilia mamake. Alipohama nikatuma kwa simu miezi mitatu. Kisha upepo wa kusi ukakaza, mwezi wa sita na wa saba mashua iko juu ya mchanga, nyavu zimeanikwa, nadaiwa dukani, nikasema nikipata nitatuma. Nikapata kidogo nikaona haya kutuma elfu moja, nikanyamaza. Ni miezi mitano sasa. Yeye hakuniuliza hata mara moja. Mtoto ndiye alinipigia akasema mama amesema simu ya baba imeharibika.

#37 Halati wa Mkomani
Basi ndilo hilo. Sikuwa nakukejeli mwanangu, nilijua.

#38 Gede Boy
"Simu ya baba imeharibika". Huyo mama kakuwekea heshima mbele ya mtoto, na wewe unataka kupanda basi umtwae.

#39 Pwani Mkweli
Gede nenda pole, mtu kasema ukweli wake. Mvuvi sikia. Mahakama haikuulizi kwa nini wewe si tajiri, inauliza una nini na umetoa nini. Utajaza hati ya kiapo ya mapato, uandike wazi: mimi ni mvuvi, kaskazi napata hivi, kusi napata hivi. Wanaweza kupanga kiwango kinachokwenda na misimu. Kosa ni kunyamaza. Oda ikishatoka ukipuuza unaweza kuitwa useme kwa nini usipelekwe jela ya madeni. Na zile ulizotuma kwa M-Pesa, chapisha statementi yote, kila elfu iliyopita ionekane.

#40 Mtu wa Ganda
Na zile za mkononi?

#41 Pwani Mkweli
Zile ziko kwa Mungu na kwa ami yake kama alishuhudia.

#42 Kapteni Shela
Mvuvi nikwambie kitu kimoja sikuambiwa mapema. Kuna vitu viwili wanaviita ulezi. Ule wa kisheria, wa kuamua shule, matibabu, safari, dini, na ule wa mtoto kulala nyumba gani. Mie nilipigana mwaka mzima kwa ule wa kulala, na wa kuamua nilikuwa nao tayari wala hakuna aliyeninyang'anya. Na oda ya mtoto si ya mwisho, hali ikibadilika unarudi kuomba ibadilishwe. Miaka sita leo, akifika tisa, kumi, mambo mengine.

#43 Mvuvi wa Wiyoni
Kwa hivyo naweza kuomba alale kwake wakati wa shule lakini asihamishwe shule wala asipelekwe mbali bila mie kujua?

#44 Kapteni Shela
Ndio. Na likizo zote zije Amu, au nusu. Mwezi wa nane mtoto wa Malindi anafanya nini Malindi.

#45 Ustadh Barani
Mimi bado nasema kama kuna udhia kwa huyo mume mpya, nyanya wa Matondoni yuko mbele, na Mvuvi ni wali (msimamizi) wa mtoto hata mtoto akiwa Malindi. Nenda kwa mamamkwe wako na kilo ya sukari, kaa naye, mzungumze. Mambo mengine hayahitaji faili.

#46 Mwalimu wa Chaki
Ustadh umesahau mamamkwe ana ugonjwa wa sukari, #7.

#47 Gede Boy
😂😂😂 kilo ya sukari

#48 Ustadh Barani
Basi tende. La, tende pia... samaki. Mpelekee samaki.

#49 Msafiri wa Kilifi
Na yeye mvuvi. Hio haina gharama.

#50 Mama Wawili Muyeye
Mie nilikwenda leo kwa afisa wa watoto. Alikuwa ameenda semina, nimeambiwa Jumatano. Nimeacha jina. Wa hoteli kapigiwa simu akasema atakuja, tuone. Amenitumia meseji ya kwanza mwaka huu: "wanavaa saizi gani".

#51 Halati wa Mkomani
Mpe. Mkubwa na mdogo, andika vizuri, na useme kiatu cha shule cheusi, wanaume huleta cha sikukuu.

#52 Mvuvi wa Wiyoni
Ya kwangu. Jana nimetuma elfu mbili, sio nyingi. Na nimempigia mamake, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Tulikaa kimya kwanza kama wanaosikiza upepo. Nikamwambia nimesikia anaposwa, akasema ndio, yuko Mombasa huyo, fundi wa friji, bado hajakubali kitu. Nikamwambia nataka tuandikiane habari ya mwana kabla hajakubali, kwa afisa wa watoto wa kule, akasema yeye amekuwa akingoja niseme neno hilo. Halafu akanipa mtoto. Hakuniuliza lini nitakuja. Ameuliza yule paka wa jeti ya mashua mwenye jicho moja kama kashazaa.

#53 Gede Boy
Na kashazaa?

#54 Mvuvi wa Wiyoni
Wanne. Mmoja mwekundu. Nimempigia picha nimemtumia.

#55 Karani Mstaafu
Chukua vitu hivi Jumatatu: kitambulisho, karatasi ya talaka, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hizo statementi. Na ukiandika popote mtandaoni, jina la mtoto liache, kesi za watoto hazisikizwi hadharani na hapa pia si kwako. Mkikubaliana, mkataba upite mahakamani, usiishie kwenye droo.

#56 Ustadh Barani
Na kama hawakubaliani, kadhi.

#57 Karani Mstaafu
Mahakama ya watoto.

#58 Ustadh Barani
Rudi #24.

#59 Mpita Ndia
Salaam, nje ya mada kidogo, basi la asubuhi la Mokowe kwenda Malindi yeo laondoka saa ngapi? Na mimi nina wangu kule.

#60 Halati wa Mkomani
Swali dogo tu ndugu yangu.